Bomba la Hewa Baridi: Utengeneze Mwenyewe au Ununue la Dukani?

Fungua boneti, weka kidole kwenye boksi la ea klina (chujio la hewa), kisha ifuate hewa kinyumenyume mpaka ujue inaingilia wapi. Fanya hivyo kabla hujanunua chochote na kabla hujashika msumeno. Kwenye magari mengi kidole kitaishia kwenye mdomo wa plastiki uliojificha juu ya rejeta au ndani ya madigadi, nje ya chumba cha injini. Hapo ujue gari lako tayari linavuta hewa baridi, na waliolibuni walilifikiria jambo hilo kabla yako. Kwenye magari mengine kidole kitaishia nyuma ya rejeta au jirani na bomba la moshi, mahali ambapo hewa imeshapikwa. Hali hizi mbili hazifanani hata kidogo, na anayekuuzia bomba linalong'aa, lile la kufungwa badala ya njia ya kiwandani ili injini ivute hewa baridi, mara nyingi hakuulizi uko kwenye ipi.

Nimetengeneza mabomba haya kwa mikono yangu, nimefunga ya dukani, na nimefungua mengi ya watu wengine yaliyokuwa yanasumbua. Uamuzi wa kutengeneza au kununua unategemea mambo matatu: hewa inayoingia ina joto gani, njia yake imebana kiasi gani, na sensa ya hewa imekaa wapi. Hilo la tatu ndilo lenye uzito kuliko mengine yote, na ndilo watu wengi hawaliulizi kabisa.

Hatua ya 1: Pima joto la hewa inayoingia sasa

Hewa ya nyuzi 20 ina uzito wa kama kilo 1.20 kwa kila mita ya ujazo. Ipashe moto hadi nyuzi 50, mita ileile inabaki na kilo 1.09. Injini huvuta ujazo, haivuti kilo, kwa hiyo hewa ya moto inaipa oksijeni pungufu kila pistoni inaposhuka. Kwa hesabu ya haraka, kila nyuzi 3 unazopunguza zinakuongezea hewa kwa kama asilimia 1.

Chukua kifaa kidogo cha OBD2, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuwasiliana na simu, kisha tafuta kwenye programu kipimo cha joto la hewa inayoingia. Endesha dakika 20 mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Soma namba ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, soma tena ukiwa kwenye foleni, na ulinganishe zote mbili na joto la nje. Asome abiria, wewe uangalie barabara.

Ikiwa kwenye mwendo tofauti na joto la nje ni nyuzi 5 hadi 8, bomba jipya halina joto la kukuondolea. Ikiwa tofauti ni nyuzi 20 na zaidi gari likiwa kasi, hapo una tatizo la kweli na kazi hii ina faida. Namba ya kwenye foleni usiitumie kuamulia. Gari lililosimama huchemka hata likiwa na bomba zuri kuliko yote, kwa sababu joto la rejeta huzunguka na kurudi mbele.

Hatua ya 2: Pima mbano kwa mpira na maji

Kipimo hiki ninakipenda kuliko vyote, na karibu hakigharimu kitu. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita 3 au 4, kipenyo cha ndani kama milimita 6. Ufunge kwenye ubao kwa umbo la herufi U, kila mguu uwe na urefu wa sentimita 80. Mimina maji yenye rangi mpaka nusu ya miguu yote miwili. Mguu mmoja unabaki wazi. Mwingine unaurefusha kwa mpira hadi kwenye njia ya hewa, kati ya ea klina na throtoli, ile valvu inayofungulia injini hewa ukikanyaga mafuta. Tumia tundu dogo ambalo tayari lipo, au pitisha ncha ya mpira kwenye kiungo cha boksi na uzibe pembeni kwa utepe.

Onyo moja kabla ya kuwasha: usiunganishe kamwe mpira huu baada ya throtoli, yaani upande wa manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Huko mvuto ni mkubwa mno na maji yote yatamezwa na injini kwa pumzi moja. Pima kabla ya throtoli tu, na kwa injini ya turbo pima kati ya ea klina na turbo.

Sasa nenda mahali penye barabara wazi na salama, kanyaga mafuta hadi mwisho kwenye gia ya pili, na abiria aangalie maji yamepanda kiasi gani upande mmoja ukilinganisha na mwingine injini inapokaribia mzunguko wake wa juu. Tofauti ya sentimita 10 za maji ni kama kilopaskali 1, na shinikizo la hewa ya kawaida usawa wa bahari ni kilopaskali 101. Kwa hiyo kila sentimita 10 ni asilimia 1 hivi ya hewa unayopoteza. Ukipata jumla ya sentimita 20, bomba bora kabisa duniani haliwezi kukurudishia zaidi ya asilimia 2 kwa upande wa mbano. Hutakuwa umeona namba hiyo kwenye boksi lolote la dukani.

Nilipopima gari langu la injini ya lita 2.0 nilipata sentimita 22. Nikahamisha mpira nikapima kipande kimoja kimoja. Ea klina ilikuwa inakula sentimita 5. Mpira wenye mikunjo unaokwenda kwenye throtoli, sentimita 5 nyingine. Sentimita 12 zilizobaki zilikuwa kwenye mdomo wa kuvutia hewa, wenye kipenyo cha milimita 50 tu. Injini ya lita 2.0 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta karibu lita 100 za hewa kwa sekunde, na lita zote hizo zilikuwa zinalazimishwa kupita kwenye tundu lile. Niliacha boksi la kiwandani, nikatengeneza mdomo mmoja tu wa milimita 65 unaochukua hewa palepale juu ya rejeta. Kipimo kikashuka hadi sentimita 14. Hiyo ni chini ya asilimia 1, mguu hauwezi kuihisi, lakini niliipata bila kugusa sensa wala ea klina, na gari halijawahi kuwasha taa ya injini.

Hatua ya 3: Itafute sensa ya hewa

Angalia bomba lililopo kati ya ea klina na throtoli. Ukiona plagi ya umeme yenye nyaya mbili tu, hiyo inapima joto pekee. Plagi yenye nyaya tatu hadi tano au zaidi kwa kawaida ndiyo sensa ya hewa, ile ambayo mafundi wengi huiita ea flo. Ikiwa hakuna kitu hapo, injini yako huenda inatumia sensa ya shinikizo iliyofungwa kwenye manifoldi, na kazi yako imekuwa rahisi zaidi.

Ndani ya sensa nyingi za hewa mna waya au kibati chembamba kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita hukipoza, na kompyuta huangalia umeme unaotumika kukirudisha kwenye joto lake. Kumbuka kwamba sensa haigusi hewa yote. Inaonja kipande kidogo katikati ya bomba, halafu kompyuta inakisia hewa yote kwa hesabu iliyowekwa kiwandani kwa kipenyo kilekile cha bomba. Badilisha kipenyo, na hesabu yote imekuwa ya uongo ingawa sensa yenyewe ni nzima.

Kijana mmoja aliniletea gari lililokuwa linazima kila likisimama kwenye taa. Silensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, ilikuwa inapanda na kushuka, na injini inamisi ikiwa baridi. Alikuwa amebadilisha plagi zote, koili mbili na pampu ya petroli. Taa ya injini ilikuwa inawaka kwa namba P0171, yaani petroli ni pungufu kwa hewa iliyopo. Nilipofungua boneti nikakuta bomba la alumini alilolitengeneza mwenyewe, kazi safi, maungio yamesafishwa vizuri. Bomba la kiwandani palipokaa sensa lilikuwa la milimita 68. Lake lilikuwa la 76. Milimita 8 zinaonekana kidogo kwa jicho, lakini eneo la mdomo hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 25. Hewa ileile ilikuwa inapita taratibu zaidi, sensa inaripoti pungufu kwa asilimia 20, na kompyuta inanyunyiza petroli ya hewa hiyo pungufu. Masahihisho ya muda mrefu ya petroli, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kurekebisha mchanganyiko, yalikuwa yamefika +24, karibu na mwisho wa uwezo wake.

Hatukulitupa bomba lake. Tulirudisha kile kipande cha plastiki cha kiwandani kinachoshika sensa, pamoja na wavu wake wa kunyoosha hewa, tukakifunga katikati ya bomba kwa hozi mbili za silikoni za kupunguza kipenyo. Baada ya siku chache za kuendesha masahihisho yakatulia kwenye 3. Ninaumia kila nikikumbuka pampu ile ya petroli iliyotolewa ikiwa nzima.

Hatua ya 4: Chagua njia

Kuna njia tatu, na ile isiyouzwa na mtu yeyote ndiyo ninayoishauri kwanza: kurekebisha mfumo wa kiwandani. Weka ea klina mpya, angalia kama boksi limepasuka au kama klipu zake zinabana, badilisha mpira wenye mikunjo kama una nyufa, na upanue mdomo wa kuvutia hewa kama kipimo cha maji kimeonyesha ndio unaobana. Gari lenye boksi zima na joto zuri halihitaji zaidi ya hapo, isipokuwa unataka sauti.

Kuhusu sauti niseme wazi. Yale mapipa madogo ya plastiki yaliyoning'inia kwenye bomba la kiwandani, yasiyoonekana kuwa na kazi, yapo ili kumeza ngurumo ya hewa. Ukiyatoa, injini inavuma ukikanyaga mafuta, na mtu anahisi gari limepata nguvu. Kupenda sauti hiyo si kosa, mimi naipenda. Kosa ni kuilipia kwa jina la nguvu.

Tengeneza mwenyewe kama injini yako haina sensa ya hewa kwenye bomba, au kama unaweza kukibakiza kipande cha kiwandani kinachoshika sensa. Uwe pia na muda, vifaa vya kukatia na kupimia, na nafasi ya kutosha kwenye chumba cha injini.

Nunua la dukani kama sensa ya hewa imejengwa ndani ya mfuniko wa boksi lenyewe na haiwezi kutenganishwa, kama gari lina turbo na maungio mengi ya kubana, au kama gari bado lina dhamana na hutaki mabishano. Nunua pia kama sheria ya unakoishi inadai kifaa kilichoidhinishwa. California, Marekani, ni mfano unaojulikana: bomba la hewa la dukani kwa gari la barabarani lazima liwe na namba ya kibali kutoka bodi ya hewa ya jimbo hilo, CARB, na bomba la kujitengenezea haliwezi kuwa na namba hiyo. Uliza wakaguzi wa kwenu kabla ya kufungua nati ya kwanza.

Usichukue seti za "kila gari", zile zenye bomba moja la kunyooka, hozi chache na ea klina ndogo ya koni. Unalipa kama mnunuzi na bado unabaki na kazi yote ya mtengenezaji: kukata, kupinda, kutafuta pa kuweka sensa. Kipenyo chake hakikupimwa kwa gari lako, na ea klina yake mara nyingi ni nyembamba kuliko ile uliyoitoa.

Hatua ya 5: Ukiamua kutengeneza

Pima kwa kalipa, usipime kwa macho. Andika kipenyo cha nje cha mdomo wa throtoli, cha mdomo wa boksi, na kipenyo cha ndani cha mahali sensa inapokaa.

Kisha chagua malighafi. Bomba la maji la PVC linavutia kwa sababu linapatikana kila mahali na viungo vyake viko tayari. Nililitumia kwenye bomba langu la kwanza. Baada ya miezi kadhaa kona iliyokuwa karibu na bomba la moshi ilikuwa imelegea na kulalia hozi ya rejeta. PVC ya kawaida huanza kulainika ikikaribia nyuzi 80, na sehemu nyingi za chini ya boneti hufika hapo gari likizimwa baada ya safari ndefu. Ukilazimika kuitumia, iwe upande wa baridi tu, mbele ya ea klina, ambapo hata ikipinda hakuna kinachoharibika.

Alumini yenye unene wa milimita 1.5 hadi 2 ndiyo inayonifaa. Watu husema alumini inapasha hewa moto kwa kuwa inapitisha joto. Ni kweli gari likiwa kwenye silensa, hewa ikijivuta taratibu. Ukiwa umekanyaga mafuta, hewa kwenye bomba la milimita 70 la injini ya lita 2.0 inakwenda mita 26 kwa sekunde. Inamaliza sentimita 60 za bomba kabla haijapata nafasi ya kuchemka. Chuma cha kawaida usikiguse: kitashika kutu kwa ndani, na magamba ya kutu yataingia kwenye injini.

Chora njia kwanza kwa waya mnene, ukiupinda kutoka throtoli hadi pale ea klina itakapokaa. Kona ziwe chache, na nusukipenyo cha mkunjo wa kila kona, ukipima kwenye mstari wa katikati ya bomba, kisipungue mara moja na nusu ya kipenyo cha bomba. Sukuma injini kwa mikono uone inavyocheza kwenye maunti zake, halafu acha sentimita 2 au 3 kila upande. Injini hutikisika lakini bodi imetulia, kwa hiyo lazima pawe na kipande cha mpira au silikoni kati ya sehemu iliyofungwa kwenye injini na ile iliyofungwa kwenye bodi. Bomba gumu kutoka mwanzo hadi mwisho litapasuka kwenye braketi au litavunja mdomo wa throtoli.

Ukishakata, piga tupa na msasa ndani na nje, osha kwa maji ya sabuni, kausha, pitisha kitambaa mpaka kitoke safi. Ncha za bomba ziwe na ukingo uliovimba kidogo ili hozi isichomoke. Hakuna skrubu wala ribiti inayopaswa kuchungulia ndani ya bomba baada ya ea klina. Kitu kidogo kikilegea hapo hakina pa kwenda isipokuwa kwenye injini, na kwenye turbo kinakutana na panka linalozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa injini za turbo na za dizeli tumia hozi zenye nyuzi au waya ndani. Hozi laini hunyonywa ikajikunja, gari likakosa nguvu ghafla, na ukisimama kuangalia unaikuta imerudi kama kawaida.

Vimipira vidogo ndivyo watu wanavyovisahau. Kuna mmoja unatoka kwenye kifuniko cha tapeti, unapeleka pumzi ya injini kwenye njia ya hewa. Magari mengine yana mwingine wa kutuliza silensa. Yote iliyokuwa imeunganishwa baada ya sensa irudi baada ya sensa, kwa vipenyo vilevile. Ukiacha tundu wazi, injini inavuta hewa ambayo sensa haikuihesabu, tena ikiwa na vumbi lake.

Ea klina ikikaa wazi ndani ya chumba cha injini, umetengeneza bomba la hewa ya moto. Izungushie ukuta wa alumini unaogusa boneti kwa mpira wa kuzibia kama ule wa milango. Vizuri zaidi, kama kuna namna, bakiza nusu ya chini ya boksi la kiwandani. Ni plastiki, haishiki joto sana, na tayari imeunganishwa na mdomo wa nje.

Kabla ya kufunga, lete bomba mezani. Ziba ncha moja na vitundu vyote, kwenye ncha ya pili weka kizibo chenye valvu, ingiza hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, na upake povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu likichemka, pamepatikana. Ukitumia gundi ya silikoni kuziba, iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha injini, na chagua ile inayoandikwa kuwa haidhuru sensa. Ile inayonuka kama siki, mvuke wake unaweza kuiua sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi.

Hatua ya 6: Ukiamua kununua

Hapa si pa kukaa sana. Seti iwe imeandikiwa gari lako kwa mwaka, injini na gia, maana modeli ileile inaweza kuwa na sensa tofauti kwa mwaka unaofuata. Uliza kama inahitaji kompyuta kupangwa upya. Muuzaji asiyejua jibu hajui anachouza. Nenda na kalipa yako, pima kipenyo cha ndani mahali sensa inapokaa, na ulinganishe na cha kiwandani. Vikitofautiana, mtengenezaji awe na maelezo ya kueleweka. Angalia kama vimipira vyote vidogo vina pa kuingia. Angalia kama ea klina inapatikana peke yake, kwa sababu ikichakaa hutaki kununua seti nzima.

Kuhusu ea klina zenyewe, kipimo cha kuaminika ni cha ISO 5011, kinachoonyesha vumbi lililozuiwa na mbano unaoletwa. Mtengenezaji anayekitaja na kuonyesha matokeo yake ana nafasi kwangu kuliko anayetaja nguvu za farasi. Ea klina za pamba zenye mafuta zinafanya kazi, ila baada ya kuziosha watu humwaga mafuta kupita kiasi, na ziada yake hubebwa na hewa hadi kwenye waya wa sensa. Kama gari lako lina sensa ya hewa na unapita barabara za vumbi, chukua ya karatasi au ya kitambaa kikavu.

Hatua ya 7: Fikiria maji

Bomba refu linaloshuka hadi nyuma ya bampa linaleta hewa baridi kuliko yote, na ndilo lililo karibu na madimbwi kuliko yote. Maji hayabanwi. Kwenye injini ya lita 2.0 yenye silinda nne na uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni kama sentimita 55 za ujazo, pungufu ya vijiko vinne vikubwa. Maji yakizidi hapo, pistoni inagonga ukuta na koni rodi, fimbo inayoishika pistoni, inapinda. Injini imekwisha kwa sekunde moja.

Kwa hiyo mimi huweka ea klina juu, usawa wa taa au zaidi, na nakubali nyuzi chache za joto. Kuna valvu za dukani zinazofunguka na kuvuta hewa ya juu iwapo mdomo wa chini umezama. Si za injini za turbo, na hazikupi ruhusa ya kuvuka mafuriko. Ikitokea gari limezima ndani ya maji, usijaribu kuliwasha tena. Livute, toa plagi, na maji yatoke kwanza.

Hatua ya 8: Funga, kisha hakikisha

Chomoa betri kabla ya kugusa plagi ya sensa. Ingiza maungio yote kwa mkono kwanza, kaza klipu mwishoni, ukianzia throtoli kuelekea ea klina. Hakikisha mshale ulio kwenye nyumba ya sensa unaelekea injini. Washa, acha injini ipate joto, sikiliza mluzi wowote.

Baada ya kilomita 100 hivi, soma masahihisho ya petroli kwenye simu. Kati ya −5 na +5 uko salama. Hadi 10, endelea kuangalia. Yakizidi 10, usiendelee kuzoea. Namba zenyewe zitakuonyesha kosa liko wapi: zikiwa kubwa kwenye silensa na kushuka ukipandisha mzunguko, kuna hewa inavuja baada ya sensa. Zikiwa kubwa kwenye silensa na kubaki kubwa kwenye kila mwendo, kipenyo cha sensa si sahihi. Rudia pia kipimo cha joto na kile cha maji, barabara ileile, hali ya hewa inayofanana, uandike pembeni ya namba za mwanzo.

Wiki tatu baadaye fungua hozi ya throtoli, funga kitambaa cheupe kwenye kidole na ukipitishe ndani ya bomba, upande wa injini wa ea klina. Kikitoka cheupe, funga na uendelee na safari. Kikitoka na unga wa kahawia, vumbi linaingia kwenye silinda na linasaga ringi kila kilomita unayokwenda. Rudisha boksi la kiwandani siku hiyohiyo, ambalo natumaini umelihifadhi pamoja na klipu na skrubu zake, kisha tafuta kwa utulivu kama ni ea klina inayopitisha au ni shingo yake ambayo haikubana.